Seva ya Ikola

Nilikuwa na orodha ya mambo arobaini na moja yanayoweza kuharibika. Niliiandika kwenye daftari la shule, nikaichana kwa sababu namba kumi na saba ilikuwa na neno lililokatwa kwa kalamu. Nikaiandika upya, nikaichana tena kwa sababu wino ulibadilika katikati ya ukurasa. Ya tatu ndiyo niliyoitumia, na ninayo mpaka leo. Ukiisoma utadhani aliyeiandika hawezi kukosea. Hicho ndicho nilichotaka watu wadhani.

Ofisi yetu iko Mpanda na inahudumia zahanati tisa za mkoa wa Katavi. Kila zahanati ina seva moja ndogo, boksi jeusi lenye ukubwa wa boksi la viatu, linalotunza kumbukumbu za kliniki: chanjo za watoto, vipimo vya wajawazito, nani alipewa dawa gani na lini. Kabla yangu, programu ikitoka mpya, mtu alipanda gari na flashi mfukoni akazunguka kituo kwa kituo. Kiangazi ilimchukua wiki mbili. Masika vituo vingine havikufikiwa kabisa, vikabaki na programu ya mwaka uliopita.

Mimi nikasema inaweza kwenda yenyewe. Seva moja kubwa ikae Mpanda, na zile tisa ziiulize kila siku kama kuna kipya. Kikiwepo, Mpanda inazigawia, moja baada ya nyingine, kwa njia ya mtandao. Hakuna aliyeniomba kufanya hivyo. Nilijitolea kwa sababu sina cheti. Kila niliyefanya naye kazi pale alikuwa na karatasi ya chuo fulani, na mimi nilikuwa na video nilizopakua kwenye simu na mazoea ya kurudia kitu mara hamsini mpaka kikubali. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa ofisi nilihisi kwamba leo ndiyo siku watakayogundua. Wagundue nini hasa, sikujua. Nilijua tu kwamba kuna kitu.

Niliijenga kwa miezi minne. Niliijaribu kwenye mashine mbili mezani kwangu, na zote mbili zilitii. Kasoro moja niliiona na nikaiacha kwa makusudi, nami naiandika hapa kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango kwa mengine. Programu yangu ilipofika kwenye seva ya zahanati, kitu cha kwanza ilichofanya ni kufuta toleo la zamani, ndipo ikaanza kupokea jipya. Mtu mwenye busara angeacha la zamani pembeni mpaka jipya lisimame. Mimi sikupenda mabaki. Niliona mafaili ya zamani kama vyombo vichafu vilivyolala kwenye beseni, na sikuweza kuvumilia kuyaona hata kwa dakika kumi.

Siku ya kusambaza ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa mvua. Nilianza saa nne asubuhi na zahanati za karibu. Kwenye skrini yangu kulikuwa na majina tisa, na kila kituo kilipomaliza neno TAYARI lilitokea mbele ya jina lake kwa rangi ya kijani. Nilivikagua vyote kwa simu. Kasansa walijibu kwamba kila kitu kinafunguka, na mhudumu wa pale akauliza kama sasa itawasaidia pia kujua ng'ombe wa nani wamelala kwenye uwanja wa zahanati. Nilicheka. Mpaka saa saba mchana vituo vinane vilikuwa vya kijani.

Niliiweka Ikola mwisho kwa sababu mtandao wao ni mwembamba. Ikola ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, na kazi ambayo kwingine ilichukua dakika tano, kule ingechukua arobaini. Ikola pia ndiko alikokuwa yule mama.

Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mtu mzima, anayejulikana ofisini kwetu kwa jambo moja tu: masika yaliyopita alichomoa seva radi ilipoanza kunguruma, na kumbukumbu za wiki nzima zikapotea. Aliandikiwa barua ya onyo. Kwenye kitengo chetu lilikuwa limegeuka utani. Kitu chochote kikizima, hata feni, mtu alisema, "Kachomoa mama wa Ikola."

Nikampigia kabla sijabonyeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeanza mambo yenu?"

"Tunaanza na wewe sasa hivi. Dakika arobaini. Naomba kitu kimoja tu: usiiguse seva. Usichomoe chochote."

Nilisikia upepo kwenye simu yake.

"Hapa ziwani pameshakuwa peusi," akasema. "Radi ya ziwani unaijua wewe?"

"Naijua mama. Lakini hata ikipiga hapo dirishani, usichomoe. Ikikatika katikati inakufa."

"Inakufa yenyewe au nakufa mimi?"

"Mama, dakika arobaini tu."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Ile kauli ya mwisho iliniingia vibaya, lakini nikabonyeza.

Hapa lazima nieleze tulivyolelewa, maana bila hilo kilichofuata kitaonekana ni uongo. Nyumbani kwetu Mpanda, wingu likikaa upande wa magharibi na hewa ikasimama, mama yangu alifunika kioo cha kabatini kwa khanga, akatuambia tuvue chochote chekundu, kisha akapaza sauti: "Antena!" Antena ilikuwa kazi yangu. Tangu nina miaka saba, mimi ndiye niliyekimbia nyuma ya televisheni kuchomoa waya wa antena, halafu plagi ya ukutani, kwa mpangilio huo huo. Siku radi ilipopiga kwa jirani zetu, redio yao ilitoa moshi na ukuta ukapasuka mpaka chini, sisi tukabaki salama, na mama akawaambia wageni kwa wiki nzima kwamba mtoto huyu ana mkono mwepesi. Sijawahi kusifiwa kwa kitu kingine kwa muda mrefu hivyo. Nilijifunza kuuchomoa waya ule nikiwa na uji mdomoni, nikiwa na usingizi, hata nikiwa nimefumba macho. Na si mimi peke yangu. Tembea Mpanda wingu likishuka utaona: saluni zinazima mashine, mafundi simu wanachomoa chaja, mitaa mizima inanyamaza kabla tone la kwanza halijaanguka.

Hilo halikuwemo kwenye orodha yangu. Mambo arobaini na moja, na hakuna hata moja lililosema radi. Niliandika kuhusu mafuta ya jenereta. Niliandika kuhusu panya.

Saa nane na dakika chache ofisi iliingia giza kama mtu amefunga pazia. Nilikuwa peke yangu. Mkuu wa kitengo alikuwa kwenye kikao jengo la pili. Mbele ya jina la Ikola namba ilikuwa inapanda taratibu: asilimia thelathini na moja, thelathini na mbili. Nilikaa nimeikodolea macho bila kupepesa, kama vile nikipepesa itarudi nyuma. Nje bajaji moja ilipita kwa kasi. Kisha kukawa kimya, na nikasikia vinyweleo vya mikono vikisimama.

Radi ilipiga karibu sana. Sikuona mwanga tofauti na mlio, vilikuja pamoja. Na akili iliponirudia nilikuwa nimesimama nyuma ya meza, mkono wangu wa kulia umeshika waya wa antena ya paani, ile inayounganisha ofisi nzima na mtandao, na mkono wa kushoto ukiwa umeshika plagi ya seva. Vyote viwili vimechomolewa. Kwa mpangilio uleule.

Nilivirudisha. Sijui baada ya muda gani, labda robo saa, kwa sababu radi ya pili na ya tatu zilipiga na sikuweza kuikaribia ile sehemu. Seva ilipowaka, vile vituo vinane vilikuwa bado vya kijani. Mbele ya Ikola paliandikwa kwa rangi nyekundu: IMEKATIKA. Nilijaribu kuingia kwenye mashine yao kutoka Mpanda ili niimalizie. Haikuwezekana. Njia ya kuingilia kwa mbali ilikuwa sehemu ya toleo la zamani, lile nililolifuta kwa kupenda usafi. Ikola palikuwa na boksi linalowaka taa lakini halina kitu ndani kinachoweza kunijibu.

Mkuu alirudi viatu vikiwa vimeloa. Akatazama skrini juu ya bega langu.

"Vinane kati ya tisa! Dogo, umetisha. Na hiyo nyekundu?"

"Ikola."

Akapiga mkono kwenye meza. "Yule mama! Kachomoa tena! Si nilisema? Si ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi kachomoa."

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi ndefu, maana alikuwa anakunja suruali iliyoloa, hakuwa hata ananiangalia. Nikasema, "Itakuwa hivyo."

Maneno mawili. Alhamisi barua ilitoka. Niliiona kwenye meza ya masjala: anatakiwa kujieleza ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua kwa kukaidi maelekezo na kuzima kifaa cha ofisi kwa mara ya pili. Mwanamke wa masjala akaniambia, wakati akigonga muhuri, kwamba barua ya pili maana yake ni kuondolewa kituoni. "Atapelekwa huko ndani kabisa," akasema. "Na nyumba ameshajenga pale pale Ikola, maskini."

Siku zilizofuata mvua ilinyesha kila mchana. Kila iliponguruma nilikaa juu ya mikono yangu, kweli, niliikalia kwenye kiti. Sikula vizuri. Nilijiambia kwamba huenda naye alichomoa. Ikiwa wote wawili tulichomoa, basi kosa ni la wote. Nikalishikilia wazo hilo. Na kuna sehemu moja tu ambayo ingeniambia ukweli. Kila seva huandika yenyewe kila kinachoipata, dakika kwa dakika, na sisi huita logi. Logi ya Ikola ilikuwa Ikola, na katika ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayejua kuisoma. Ni mimi pia niliyepangiwa kwenda kuitengeneza. Ningeweza kuisoma na kuifuta, na hakuna mtu duniani angejua. Naandika hivyo kwa sababu nililifikiria, tena zaidi ya mara moja.

Jumatatu nilipata lifti kwenye lori lililokuwa linarudi ziwani kuchukua dagaa. Dereva alikuwa mcheshi. Aliuliza nimebeba nini kwenye begi ninalolikumbatia hivyo.

"Kompyuta."

"Nilidhani umebeba maiti ya mtoto." Akacheka, kisha akaniangalia tena. "Unaumwa, fundi?"

Nikasema ni barabara.

Ikola palikuwa na jua kali siku hiyo. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye mchanga na harufu yao iliingia mpaka ndani ya zahanati. Mama alikuwa anampima mtoto uzito. Kwa kuwa kumbukumbu hazifunguki, wanawake kumi na kitu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri yeye awaulize mmoja mmoja, mtoto alichanjwa lini, aliandikwa nini. Mmoja alipouona ule mkoba wangu akasema kwa sauti, "Mume wa kompyuta amefika!" Benchi zima likacheka, na mama akawaambia waache ujinga, akanionyesha chumba cha ndani.

Seva ilikuwa juu ya kabati la chanjo, imefutwa vumbi. Taa ya umeme ilikuwa inawaka. Nikaunganisha kompyuta yangu, nikaifungua logi.

Ilikuwa imeandikwa waziwazi. Saa nane na dakika tatu, imeanza kupokea. Saa nane na dakika kumi na saba, mawasiliano na Mpanda yamepotea. Saa nane na dakika kumi na nane, najaribu tena. Kumi na tisa, najaribu tena. Mstari baada ya mstari, kila dakika, mpaka saa nane na nusu, ilipokata tamaa. Umeme haukukatika Ikola hata sekunde moja. Hakuna aliyegusa kitu.

Nilisikia mama ameingia. Alifunga mlango, akatoa karatasi kwenye mfuko wa gauni lake la kazi.

"Wewe ni mtu wa ofisini," akasema. "Nisomee hii kabla sijaituma. Kiswahili changu cha barua si kizuri."

Yalikuwa majibu yake. Aliandika kwa mwandiko mkubwa wa duara, mistari imenyooka. *Nakiri kuwa siku ya Jumanne nilichomoa kifaa kwa sababu ya hofu ya radi. Naomba radhi na naahidi sitarudia.*

"Mama," nikasema, "ulichomoa?"

"Sikuchomoa."

"Sasa mbona umeandika?"

"Mwaka jana nilichomoa kweli, nikaandika ukweli, wakanipa onyo. Mwaka huu nikiandika sikuchomoa nani ataniamini? Watasema mbishi. Mtu akiomba radhi wanamhurumia." Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Unajua ile siku ilikuwaje hapa? Niliwatoa wote barazani. Nikavua sweta langu, lilikuwa jekundu. Nikavaa malapa ya mpira, nikakaa hapo mlangoni, naangalia ile taa ya boksi. Dirisha lile lilikuwa linatetemeka. Wale wanawake wanaita huko nje, 'Mama, umeolewa na hilo boksi? Toka!' Nikawaambia mwanangu wa Mpanda amesema dakika arobaini. Nilihesabu kwa saa ya mkononi. Arobaini zikapita, nikaongeza kumi, nikasema huenda saa yangu inakimbia."

Sikuweza kumwangalia. Niliangalia malapa. Yalikuwa miguuni mwake, ya bluu, kisigino kimeisha upande mmoja.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyechomoa. Mpanda. Radi ilipiga nikachomoa antena na plagi. Sikukusudia. Mkono tu."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kelele. Alikaa akinitazama kama anavyotazama kipimo ambacho hakielewi, na nje mtoto alikuwa analia na mama yake anamwimbia.

"Ukawaambia ni mimi."

"Mkuu alisema. Mimi nikasema itakuwa hivyo."

"Itakuwa hivyo," akarudia. Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne. "Siku saba zinaisha Alhamisi. Mpaka Alhamisi mchana sitatuma. Ikifika saa kumi sijasikia kitu, natuma. Siwezi kuhama hapa, mwanangu. Sina nguvu ya kuanza tena. Sasa nitengenezee mashine, watu wanasubiri."

Niliitengeneza kwa saa mbili. Safari hii niliacha toleo la zamani kwenye kona yake. Niliinakili pia ile logi yote, nikaichapa nilipofika Mpanda, kurasa sita.

Jumatano niliiweka mezani kwa mkuu na nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma. Alisoma ukurasa wa kwanza tu.

"Sasa si radi?" akasema. "Andika ni radi. Radi imepiga, mtandao umekatika, kila mtu anajua mvua za hapa. Wewe unapona, mama anapona."

"Radi haikukata kitu. Logi ya hapa Mpanda inaonyesha antena ilitoka kwanza, kisha umeme, na vyote vikarudi vizima. Atakayekuja kukagua ataona."

"Nani atakuja kukagua Mpanda, dogo?"

Naungama kwamba nilitaka sana kuandika radi. Lakini nilijua jinsi mafaili yanavyokaa. Ripoti ya radi ingebaki kwenye faili la mitambo, na barua ya mama ingebaki kwenye faili la mama, na hakuna anayefungua mafaili mawili kwa pamoja. Nikaandika kwamba nilichomoa mimi, saa nane na dakika kumi na saba, kwa mikono miwili, na kwamba mashine ya Ikola haikuguswa. Sentensi nne. Kwa mara ya kwanza sikuandika upya. Nilimpigia mama saa tano asubuhi ya Alhamisi, nikamsomea. Alisema, "Haya," akakata.

Barua ya kufuta barua yake ilitoka wiki iliyofuata. Yangu ilitoka siku hiyohiyo, kwenye bahasha ya rangi ileile. Nilipoifungua niliona kwamba hawakuandika mpya. Ni ileile yake, aya kwa aya, hadi koma: kukaidi maelekezo, kuzima kifaa cha ofisi. Wamebadilisha jina na kituo tu. Hata yale maneno *kwa mara ya pili* walisahau kuyatoa.

Nilimpigia. Ilikuwa mchana, hewa imesimama, na dirishani nililiona wingu upande wa ziwa, jeusi chini na jeupe juu.

"Umeipata?" akauliza kabla sijasalimia.

"Nimeipata. Wameandika mara ya pili."

"Ya kwanza au ya pili haijalishi. Andika ulichofanya. Usiongeze, usijinyenyekeze ukaandika na usichofanya. Mimi nilikaribia." Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu kizito kikiburuzwa juu ya maji. "Subiri. Inanguruma huku. Simu iko kwenye chaja."

Laini ikakatika. Alikuwa amechomoa.

Niliendelea kuishika simu sikioni. Seva ilikuwa inanguruma taratibu nyuma ya meza, antena imechomekwa, majina yote tisa ya kijani. Pale nilipokaa, waya ulikuwa unafikika. Nje bajaji zilianza kuondoka barabarani, moja moja, na fundi simu wa ng'ambo ya barabara akatoka kushusha turubai lake, akiangalia juu.